Mshale Ubavuni mwa Tairi

Mmeniuliza mara nyingi ule mshale mweupe uliopakwa ubavuni mwa tairi za Probox za steji yetu ni wa nini. Kijana mmoja aliniambia ni mapambo, mwingine akasema ni alama ya chama chetu cha madereva. Wa tatu hata kuuliza hakuuliza, alinunua rangi akapaka wa kwake, ukaelekea nyuma. Nilimwita nikamgombeza mpaka watu wakatoka madukani. Alidhani nimezeeka vibaya. Leo nitawaeleza, ila mtanivumilia, maana mimi si mtu wa kufika kwa njia ya mkato.

Jina langu Swaleh. Nimeendesha gari la abiria kati ya Kisii na Nyamira tangu sina mvi hata moja mpaka macho yaliponigomea. Mimi ni mtoto wa mjini Kisii. Baba alikuja huku na biashara ya nguo, asirudi tena kwao pwani, na mama yangu ni wa Mosocho, kwa hiyo nikigombana na mtu nina lugha mbili za kumgombeza. Wanawake wa rika langu wananiita Baba Zuhura, kwa jina la binti yangu wa kwanza. Nyinyi niiteni mnavyopenda, bora msiniite bro.

Tuelewane mapema. Sina ugomvi na hizi tairi za spoti za bei nafuu. Wazee wenzangu wengi wanazisema vibaya, wamesahau tulikotoka. Zilipofika kwetu zilitukuta tukiendesha kwa tairi za mitumba zilizokaa ng'ambo mpaka mpira wake ukakauka. Ukiitazama, mpya! Meno yote yapo. Ukiibana kwa ukucha, ukucha ndio unaovunjika. Tairi ya namna hiyo kwenye lami yenye maji ni sabuni tupu. Na waliokosa hata hizo walipeleka vipara vyao kuchongwa. Fundi anachoma kisu motoni, anachora meno mapya juu ya tairi iliyokwisha zamani, dereva anaondoka amefurahi. Niliwahi kupanda gari la mwenzangu wa njia ya Oyugis lenye tairi za kuchonga. Nilishukia Mosocho, nikarudi mjini kwa miguu.

Kwa hiyo zilipokuja za spoti, mpya, laini, zinazoshika kona, tena kwa bei ambayo dereva wa kawaida anaifikia, tulifurahi. Gari lilitulia barabarani. Ukikanyaga breki, gari linakusikia. Abiria walianza kusinzia njiani, na abiria akisinzia ujue anakuamini.

Lakini kila kizuri watu watakitafutia ujinga. Jirani yangu mwenye duka la vitambaa aliona picha, akataka tairi pana kuliko gari lake dogo lilivyoumbwa kubeba. Tulimwambia, hakusikia. Zikafungwa. Akikata usukani kidogo tu, tairi inasugua bodi ya ndani, gari linalia kama mbuzi. Siku moja ya soko aliingia sokoni Daraja Mbili, akajikuta katikati ya akina mama wa ndizi, na usukani hautaki kukata zaidi. Mikungu ilibidi ihamishwe, watu wakarudi nyuma, yeye akawa anaenda mbele na nyuma jasho likimtoka. Mama mmoja akamwuliza kwa upole kabisa, "Baba, hii gari ilizaliwa na hii miguu, ama uliiongezea?" Alizivua wiki hiyohiyo.

Hayo ni ya kucheka, na ningependa yote yangekuwa hivyo.

Sasa sikilizeni kuhusu mvua. Huku kwetu mvua ya alasiri haikubishii hodi. Asubuhi jua, adhuhuri jua, halafu ghafla mlima wa pale mbele hauonekani. Maji yanateremka kutoka mashambani yakiwa na udongo mwekundu, yanavuka lami, yanakusanyika kwenye mabonde. Hapo ndipo tairi inapofanya kazi yake. Yale meno si urembo. Kazi yake ni kuyasukuma maji pembeni ili mpira uguse lami. Ukiwa kwenye lami yenye maji, fungua kioo kidogo usikilize. Tairi inayofanya kazi inachirizisha maji kwa sauti. Ikinyamaza ghafla, na usukani ukawa mwepesi mkononi, ujue hupo juu ya barabara tena, uko juu ya maji. Usikanyage breki. Toa mguu kwenye mafuta, shika usukani palepale ulipo, na umwite Mola wako bila kupiga kelele, maana abiria wanasikia.

Tairi nyingi za spoti zina meno yaliyochorwa kama mabawa, yote yanaelekea upande mmoja. Kwa hiyo kiwandani wanaweka mshale ubavuni, mshale mdogo uliofinyangwa kwenye mpira wenyewe. Gari likienda mbele, tairi izunguke kuelekea ule mshale. Ikizunguka hivyo, maji yanatupwa nje. Ukiifunga kinyume, yale mabawa yanayakusanya maji yanayaleta katikati, chini ya tairi. Hayo nilifundishwa na Onchari, fundi wa tairi aliyekuwa na kibanda chake ukingoni mwa soko la Daraja Mbili. Yeye ndiye aliyetuuzia wengi wetu hizo tairi, na ndiye aliyezifunga. Alikuwa mtu wa maneno machache na mikono mizito. Kabla hujaondoka, alizunguka gari lote akigusa kila mshale kwa kidole. Hakuamini macho. Alisema mtu akitaka kazi iishe, macho yake huona imeisha.

Basi tatizo likaanzia milimani.

Mnazijua njia za kupanda kwenye maboma yetu upande wa Nyamira. Udongo mwekundu, mvua ikipita inakuwa kama umemwaga uji. Probox inasukumwa na magurudumu ya mbele, na kwenye mlima mbichi yanazunguka bure huku gari limesimama. Sijui ni nani aliyeanza. Dereva mmoja alikwama chini ya mlima, akapiga jeki, akavua gurudumu la kushoto akalifunga kulia, la kulia akalifunga kushoto. Mishale ikaelekea nyuma. Akapanda! Akasema yale mabawa yakigeuzwa yanachimba matope. Ikawa mtindo. Tuliita kuvalisha gari viatu kinyume. Ukifika chini ya mlima unamvalisha kinyume, unapanda, unashusha ndizi au abiria, unateremka, unamvalisha sawasawa kabla ya kuingia lami.

Onchari aliposikia alisonya. "Imepanda kwa sababu tairi ni mpya," akasema. "Ingepanda hata na viatu vyake." Hakuna aliyemsikiliza. Mtu aliyeona gari limepanda kwa macho yake, utamwambia nini?

Mshabiki mkubwa wa mtindo huo alikuwa Momanyi. Huyu Momanyi tulikuwa naye steji moja, kijana mcheshi, mkono mwepesi, dereva hodari wallahi. Kwao ni mlimani, ng'ambo ya mto, na alikuwa mtoto pekee aliyebaki karibu na wazazi wake, wengine walikwenda mbali na kazi. Baba yake, Mzee Nyabuto, alimpenda yule kijana mpaka ikawa kichekesho. Akija mjini alikuwa akikaa kiti cha mbele cha gari la mwanawe hata kama ana safari ya hapo tu, anawapungia watu mkono. Na mama yake, Mama Kemunto, hakumwita Momanyi kwa jina. Alimwita momura, ndiyo kusema kijana wangu kwa Kigusii. Momura kula. Momura pole na kazi. Sisi pale steji tukamwiga, tukawa tunamwita hivyohivyo kumtania, naye anaitika.

Siku moja nilimkuta njiani, kwenye lami, viatu bado vimegeuzwa. Nikamsimamisha. "Momanyi, mishale inaangalia nyuma."

"Nitarudisha, Mzee Swaleh. Nashusha hawa abiria tu."

"Rudisha sasa."

"Mzee, jua linawaka hivi! Maji yako wapi?"

Akacheka, akapiga honi, akaenda. Na kweli jua lilikuwa linawaka. Hivyo ndivyo uvivu unavyokomaa, wanangu. Leo unarudisha, kesho unarudisha, kesho kutwa kuna jua, na siku inayofuata umesahau kwamba kulikuwa na kitu cha kurudisha.

Mzee Nyabuto alikuwa na miadi ya daktari wa macho Kisii. Mvua ilikuwa imenyesha usiku, Momanyi akageuza viatu akapanda kuwachukua wazazi wake. Walipoteremka, wingu lilikuwa limeshafunga. Mzee mbele, kofia magotini, mama nyuma. Mzee akasema twende upesi kabla mvua haijatukuta. Kupiga jeki, kufungua nati, kuhamisha magurudumu mawili, na baba yako amekaa ndani anakutazama. Momanyi akaingia lami hivyohivyo.

Mvua iliwakuta kwenye mteremko wa mikaratusi, ule unaoishia darajani. Pale chini maji husimama. Gari liliingia kwenye maji, likaacha barabara, likagonga mkaratusi kwa upande wa kushoto, upande aliokaa Mzee Nyabuto. Alifia palepale. Momanyi alivunjika mkono. Mama Kemunto alitoka nyuma mwenyewe, leso begani, akaenda akakaa chini kwenye mvua akashika kichwa cha mumewe. Waliofika kwanza waliniambia hakuwa analia. Alikuwa anampangusa uso, na mvua inamlowesha tena, anampangusa tena.

Momanyi aliulizwa imekuwaje. Akasema tairi ilipasuka.

Mimi na Onchari tulikwenda kuliona lile gari lilipovutwa. Tairi zote nne zilikuwa na upepo. Onchari alipiga kila moja kwa kiganja, halafu akachuchumaa mbele, akapitisha kidole kwenye mshale. Nikamwuliza, "Tuseme?" Akasema, "Tumwambie nani? Yule mama amezika mume. Ukimwambia hili, unamzikisha na mtoto." Akainuka akafuta mikono.

Na huyo Onchari ndiye aliyelipia ule uongo. Habari ilienea kwamba tairi za bei rahisi zimemuua Mzee Nyabuto. Madereva wakamhama. Watu waliokuwa wakinywa chai kwenye kibanda chake wakawa wanapita ng'ambo ya barabara. Alikaa pale siku nzima katikati ya tairi zake, hasemi neno. Nilikasirika kwa niaba yake mpaka nikakosa usingizi, na yeye ananiambia, "Acha, Swaleh. Itapita."

Siku ya mazishi mvua ilinyesha, na gari lililobeba jeneza, gari la mwenzetu wa steji, likakwama chini ya mlima. Vijana kwa nia njema wakatoa jeki. "Tuivalishe kinyume, itapanda!" Momanyi alikuwa nyuma na mkono wake kwenye bandeji. Alisikia hilo neno akaja mbio, akasimama mbele ya gurudumu, akapiga kelele, "Hapana! Hapana! Msiguse!" Sauti ile bado ninayo masikioni. Watu wakadhani ni uchungu wa mfiwa, wakamshika wakambembeleza. Jeneza likashushwa, likabebwa mabegani mpaka juu, watu wakiteleza na kupokezana. Mama Kemunto alikuwa anatazama. Hakuwatazama waliobeba jeneza. Alimtazama mwanawe pale kwenye gurudumu.

Mkono ulipopona, Momanyi alipata gari jingine akarudi kazini. Na hapo ndipo tukaona jambo lililotunyamazisha sote. Mama Kemunto alikuwa akija mjini siku za soko kuuza parachichi. Magari hupanga foleni, anayetangulia ndiye anayepakia. Gari la Momanyi likiwa la kwanza, yule mama alikuwa akifika na kikapu chake, akalitazama, akalipita, akasimama pembeni mpaka lijae abiria wengine na kuondoka. Halafu anapanda linalofuata. Magari ya watu wote alipanda, langu pia. La mwanawe, hapana. Hakugombana naye na alimpikia kama kawaida. Lakini momura hakumwita tena. Alimwita Momanyi, jina kamili, kama anavyoitwa na karani.

Momanyi alikonda. Kila mama yake alipolipita gari lake, yeye alikuwa anafuta kioo ambacho ni kisafi. Mtani wetu mmoja alijaribu kuleta mzaha, tukamnyamazisha.

Siku moja mama alikuja mpaka nilipoegesha. Abiria walikuwa bado. Akaweka kikapu chini.

"Baba Zuhura, nakuuliza kitu cha kazi yako. Tairi ikipasuka inalia ama hailii?"

"Inalia, mama. Inalia sana."

"Mimi nilikuwa ndani. Sikusikia kitu kulia. Nilisikia maji, halafu maji pia yakanyamaza." Akanitazama. "Na siku ya mazishi, kwa nini alisimama mbele ya gurudumu?"

Wanangu, kuna siku unaomba abiria waje wakuokoe. Hawakuja. Sikutaka kumdanganya, na sikutaka kuwa mimi ndiye wa kumwambia. Nikamchukua mpaka gurudumu la mbele la gari langu, nikamwonyesha mshale. Alikuwa haoni vizuri, akauliza uko wapi, nikamshika kidole nikakiweka juu yake. Akaufuata kwa kidole mwanzo hadi mwisho.

"Huu unafanya nini?"

Nikamweleza. Ukielekea mbele, maji yanatoka. Ukielekea nyuma, maji yanaingia chini, gari linaelea.

"Na nani anaweza kuugeuza?"

"Mama, mimi nimekuonyesha tairi. Hayo mengine ni ya mwanao."

"Nilishamwuliza. Akasema ilipasuka." Akabeba kikapu chake. "Sasa nitamwuliza tena, nikiwa najua."

Sikuwapo waliposemezana, wala hakuna kati yao aliyenisimulia, na sikuuliza. Ninachojua ni kwamba kesho yake asubuhi Momanyi alikuja steji bila gari. Macho mekundu, shati lilelile la jana. Alisimama mahali tunapogawia foleni, akasema kwa sauti ya kusikika, "Tairi haikupasuka. Viatu vilikuwa kinyume. Onchari alinionya, Mzee Swaleh alinionya. Niliona uvivu kuteremka na baba anangoja. Msimlaumu Onchari tena." Kondakta mmoja aliyekuwa anaita abiria alishusha mkono. Momanyi akaondoka akaelekea Daraja Mbili kwa miguu, nikamfuata kwa mbali, maana sikupenda jinsi alivyokuwa anavuka barabara.

Onchari alikuwa anabandua tairi kwenye rimu. Momanyi akasimama mbele yake. Onchari akamtazama, kisha akamsogezea chuma cha kubandulia. "Kandamiza hapo," akamwambia. Momanyi akakandamiza. Walifanya kazi hiyo pamoja mpaka ikaisha, na machozi ya Momanyi yanadondoka kwenye mpira. Mimi nilirudi steji. Sioni haya kuwaambia kwamba nililia njia nzima.

Alichofanya baadaye Momanyi ni kununua rangi nyeupe. Alipaka mshale mkubwa ubavuni mwa kila tairi ya gari lake, juu ya ule wa kiwandani, ili mtu aone tangu mbali kama viatu ni sawa. Wa kwanza kumwiga nilikuwa mimi. Halafu wengine, mmoja mmoja, hakuna aliyetangaza. Mtindo wa kugeuza viatu ukafa kwenye steji yetu. Gari likikwama chini ya mlima, tulishuka tukasukuma, au tukatembea. Wateja wa Onchari walirudi. Nao hawakuomba msamaha, walirudi tu na tairi zao begani, wakijifanya hawajawahi kuondoka. Watu ndivyo walivyo.

Lakini Mama Kemunto aliendelea kulipita gari la mwanawe. Ukweli aliupata, na bado akalipita. Nilikuwa nimedhani akiambiwa kweli mambo yatakwisha, nikajiona mjinga. Mvua za masika zikapita, parachichi zikaisha zikarudi. Momanyi hakumwomba wala hakumwita. Kila asubuhi alizunguka gari lake akigusa mishale kwa kidole kama Onchari, na siku za soko alikaa kwenye usukani akitazama mbele.

Halafu ikaja alasiri moja ya soko, wingu limeanza kushuka juu ya vilima. Gari la Momanyi lilikuwa la kwanza, langu nyuma yake. Mama Kemunto akaja na kikapu kitupu. Akafika kwenye gari la mwanawe. Tukangoja alipite.

Hakulipita. Aliweka kikapu chini, akashika bodi ya gari kwa mkono mmoja, akainama taratibu, magoti yakimsumbua, mpaka akafikia gurudumu la mbele. Dereva mmoja akamwambia, "Mama, mshale si ndio huo hapo, umepakwa rangi, unaonekana!"

"Rangi mtu anaweza kupaka popote," akasema.

Akapitisha kidole juu ya ile rangi, akitafuta chini yake ule mshale wenyewe, uliofinyangwa kwenye mpira. Akaupata. Akaufuata mwanzo hadi mwisho. Akainuka, akazunguka mbele ya gari, akainama tena upande wa pili. Makondakta waliacha kuita abiria. Ndani ya gari Momanyi alikuwa ameshika usukani kwa mikono yote miwili na hatazami kokote.

Mama akajipangusa kidole kwenye leso. Akafungua mlango wa mbele, wa kushoto, kile kiti alichokuwa akikalia Mzee Nyabuto. Akaingia, akapakata kikapu chake, akafunga mlango.

Gari halikuwaka. Nilikuwa nimeshuka kwenye langu nimesimama karibu, nikawa namwona yule kijana mabega yakimtikisika. Mama alimwacha kidogo. Kisha akautazama mlima, ulikuwa umeshaanza kupotea.

"Washa gari, momura," akamwambia. "Mvua inakuja."